Mwongozo Kamili wa Kupaka Mvi Rangi Zinazowaka Ukiwa Nyumbani Kigoma

Mtu mwenye mvi anayetaka kichwa cha zambarau, cha feruzi au cha waridi ana mtaji ambao kijana mwenye nywele nyeusi hana. Kijana huyo hulazimika kwanza kuzichubua nywele zake kwa blichi ndipo rangi ionekane, na blichi hula nywele, hasa hizi zetu za kipilipili ambazo hukatika kwa urahisi pale zinapojikunja. Mvi hazina haja hiyo. Unywele mweupe hauna melanini, yaani zile chembechembe zinazoupa unywele weusi wake, kwa hiyo rangi inayopakwa juu yake huonekana karibu kama ilivyo ndani ya chupa. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu wako akina mama wanaoambiwa kwamba hakuna rangi ya kuwaka bila blichi, wakakubali, wakapoteza nywele ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kama nywele zako ni nyeupe, blichi haikuhusu.

Ugumu wa mvi uko kwingine. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama ya samaki, na kwenye mvi mara nyingi magamba hayo yamebana kuliko kwenye unywele mweusi, tena unywele wenyewe huwa mkavu na mkaidi. Rangi hufika juu, ikakosa pa kuingilia, ikaondoka na maji ya kuoga ya kwanza. Kazi yote inayoelezwa hapa chini ni ya kuyalegeza magamba hayo ili yapokee rangi, kisha kuyafunga ili yaishike. Kwa mkazi wa Kigoma sehemu ya pili ina mtihani wake, kwa sababu ya maji ya Ziwa Tanganyika, nami nitaieleza kwa urefu itakapofika zamu yake.

Zitazame mvi zako kabla ya kununua chochote

Keti karibu na dirisha au uani asubuhi, zigawe nywele kwa kitana, kisha utazame panja, utosi na kisogo kila mahali peke yake. Mvi hazisambai sawasawa: watu wengi huwa na panja nyeupe kabisa huku kisogo kikiwa bado cheusi. Rangi ya kupaka juu haiwezi kuufanya unywele mweusi uwe mwepesi, kwa hiyo nyeusi zitabaki nyeusi na nyeupe peke yake ndizo zitakazowaka. Mwenye kichwa cheupe kwa zaidi ya nusu atapata rangi inayoonekana kichwa kizima. Mwenye mvi za kuchanganyika atapata michirizi ya rangi ndani ya weusi, jambo ambalo vijana hulilipia fedha nyingi saluni, na kwa maoni yangu ndilo linalopendeza kuliko yote. Mwenye mvi chache za mbele afanye fungu moja tu la panjani au la juu ya kipaji cha uso, na aache mengine yalivyo.

Kuna hali moja inayohitaji subira. Kama umekuwa ukizificha mvi kwa kanta au kwa rangi nyeusi ya kudumu, sehemu iliyopakwa haihesabiwi tena kuwa mvi. Rangi haiondoi rangi. Nywele hukua kiasi cha sentimita moja na robo kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nywele fupi anaweza kusubiri miezi mitatu au minne, akakata zile zilizotiwa weusi, akaanza na nyeupe zilizoota. Mwenye nywele ndefu asiyetaka kukata anaweza kupaka mashina tu, lakini ajue mpaka kati ya rangi mpya na weusi wa zamani utaonekana wazi.

Kutambua rangi unayoshika mkononi

Rangi za nywele zinazouzwa madukani ni za makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni la rangi za kudumu: ndani ya boksi mna chupa au tyubu mbili zinazochanganywa, moja ikiwa na peroksaidi, kemikali inayochubua weusi wa unywele. Hizi huyafungua magamba kwa nguvu na kujenga rangi ndani ya unywele. Zinafaa kwa weusi, kahawia na baadhi ya nyekundu, lakini feruzi au waridi wa kweli ni nadra kupatikana humo. Kundi la pili ni la rangi za moja kwa moja: chupa moja au kopo moja, hakichanganywi kitu, hakuna peroksaidi wala amonia, na ukikifungua unaona rangi ile ile utakayoipata kichwani. Hizo ndizo zinazotakiwa hapa. Zimekuwepo kwa muda mrefu. Duka la Manic Panic lilifunguliwa New York mwaka 1977 na likajulikana kwa rangi za namna hiyo. Haziumizi unywele, nyingi zina mafuta ya kulainisha ndani yake, na hufifia polepole kadiri unavyoosha.

Chupa nyingi za kundi hili huwa na mililita 118 hivi. Nywele fupi za kukata humalizwa na chupa moja. Nywele za kufika mabegani, au za asili zilizojaa, zihesabie chupa mbili, kwa sababu kupaka kwa kubana matumizi huleta mabaka. Kama hukuipata kwenye maduka ya vipodozi ya mjini ukaiagiza Dar es Salaam, mwombe anayekutumia akupigie picha ya upande wenye orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa.

Kuna vitu viwili ambavyo havipaswi kabisa kufika kichwani. Cha kwanza ni rangi ya unga inayotumika kutia rangi ukili wa mikeka, ambayo ni ya bei nafuu na huwaka vizuri machoni. Haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu. Cha pili ni rangi ya nguo, pamoja na bluu ya kufulia.

Kuchagua rangi kwa kuutazama umanjano

Mvi nyingi si nyeupe kabisa. Jua huzitia umanjano, moshi wa kuni na mkaa pia, na mama anayeshinda akianika dagaa pale Kibirizi atakuwa na mvi zenye umanjano kuliko mama anayeshinda ofisini. Umanjano huo huchanganyika na rangi unayopaka. Bluu juu ya manjano huelekea kijani, waridi huelekea rangi ya papai lililoiva, na zambarau hafifu hugeuka kijivu kisichopendeza. Nyekundu, machungwa, damu ya mzee na kijani hazisumbuliwi sana, kwa hiyo mtu anayeanza na ambaye mvi zake zina umanjano namshauri aanze na hizo.

Anayeitaka bluu au feruzi safi aushughulikie umanjano kwanza. Ipo shampuu ya zambarau iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa zambarau huuficha umanjano machoni. Ikikosekana, changanya matone machache ya rangi ya zambarau ya moja kwa moja katika kondishena nyeupe mpaka iwe zambarau iliyofifia, paka kwenye nywele mbichi kwa dakika tano, suuza, kausha, kisha utazame. Nchini Uingereza katika karne ya 20 wanawake wazee walizoea kusuuza mvi zao kwa maji yenye bluu kidogo kwa sababu hiyo hiyo, na waliozidisha walitoka na vichwa vya samawati, wakatembea navyo barabarani kwa heshima zao zote.

Fikiria pia jinsi rangi itakavyoondoka. Waridi na nyekundu hufifia mapema. Bluu na kijani huganda, na mabaki yake yanaweza kukaa kwa miezi. Mtu ambaye kazini kwake kuna masharti ya mavazi, au ana harusi ya mtoto ambayo anataka aingie na mvi zake nyeupe, asianze na bluu.

Majaribio mawili yasiyorukwa

Jaribio la kwanza ni la ngozi. Saa 48 kabla ya siku ya kupaka, weka tone la rangi nyuma ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko, liache likauke, usilioshe. Pakiwasha, pakivimba au pakitoa malengelenge, rangi hiyo si yako. Rangi za moja kwa moja zina visa vichache vya mzio kuliko za kudumu, lakini kuwa vichache si kutokuwepo.

Hapa niseme jambo kwa waliokulia katika nyumba za ngoma na harusi. Piko jeusi linalochorwa mikononi na miguuni, na kanta ya unga ya kutia nywele weusi, mara nyingi huwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kemikali hiyo ikimletea mzio mtu aliyechorwa piko hata mara moja, ngozi yake huikumbuka kwa miaka mingi, na siku atakapopaka rangi ya nywele yenye kemikali hiyo hiyo anaweza kuvimba uso mzima. Kama piko liliwahi kukuwasha au kukuachia alama zilizovimba kufuata michoro, kaa mbali na rangi zote za kudumu, na hata hii ya moja kwa moja ijaribu kwa uangalifu maradufu. Uso ukivimba, midomo ikifura au pumzi ikibana, usisubiri kukuche: nenda Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, na uibebe chupa. Unga wa piko na kanta uwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kwa sababu ukimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo, na huua.

Jaribio la pili ni la unywele. Kata nywele chache mahali pasipoonekana, nyuma ya sikio au chini ya kisogo, zifunge kwa uzi, zioshe kwa shampuu na uzikaushe. Zipake rangi mpaka zilowe, zifunge ndani ya kipande cha nailoni, ziache saa moja, kisha zisuuze na kuzikausha kabisa. Sasa zilaze juu ya karatasi nyeupe mlangoni penye mwanga. Angalia ncha na shina kando kando: ncha zilizozeeka huwa zimepokea rangi nzito, na shina jipya limepokea rangi hafifu. Angalia pia kama kuna unywele uliobaki na weupe unaong'aa kana kwamba haukuguswa. Ukiuona, jua mvi zako ni kaidi na uongeze muda na joto siku ya kazi yenyewe. Kifungu hiki kidogo cha nywele kitakueleza mengi kuliko picha iliyochapwa kwenye chupa, ambayo mara nyingi ilipigwa juu ya nywele zilizochubuliwa.

Vifaa na mahali pa kufanyia

Uani ni bora kuliko ndani, kwa sababu rangi hii ikidondoka kwenye sakafu ya saruji au kwenye sinki la plastiki haitoki. Andaa glavu, brashi ya kupakia rangi, bakuli la plastiki, chanuo la meno mapana, vibanio vinne, kofia ya plastiki au mfuko safi wa nailoni, taulo kuukuu, kanga kuukuu ya kujifunga mabegani, mafuta ya mgando na ndoo mbili za maji. Mwombe mtu akusaidie upande wa kisogo, awe binti yako, wifi yako au jirani, kwa kuwa hapo ndipo wanaojipaka wenyewe huacha mabaka.

Kuosha kabla ya kupaka

Hii ndiyo hatua inayoamua matokeo, ingawa wengi huiona ya kupitia tu. Nywele za watu wa Kigoma hula mafuta: mafuta ya mise yanayotokana na kokwa za michikichi, ya nazi, ya mgando, na grisi za dukani. Ni mazuri kwa siku za kawaida, lakini hutanda juu ya magamba na kuizuia rangi. Acha kupaka mafuta siku mbili au tatu kabla. Siku yenyewe osha mara mbili kwa shampuu ya kawaida isiyochanganywa na kondishena, ukitumia maji ya uvuguvugu, kwa sababu joto hulegeza magamba. Sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, maana ngozi iliyokwaruzwa huungua rangi inapogusa. Povu la kwanza huwa dogo na zito kwa mafuta. La pili likijaa na kuwa jeupe, ujue nywele zimekwisha takata. Usipake kondishena hata kidogo baada ya hapo, japo nywele zitakuwa kavu na ngumu kuchana. Ukavu huo ndio unaoutaka.

Wapo wanaotumia sabuni ya mche au magadi ili kuzifungua nywele zaidi. Siwashauri. Ni kweli kwamba vitu hivyo huinua magamba, lakini huyainua kupita kiasi na kuiumiza ngozi utakayoipaka rangi muda mfupi baadaye.

Kausha nywele kabisa kwa taulo na hewa. Maji yaliyobaki ndani huizimua rangi. Nywele za kipilipili zinyooshe kidogo kwa kuzisokota mafungu makubwa zikiwa mbichi, kisha uzifumue zikikauka, ili brashi ifike kila mahali.

Kupaka

Paka mafuta ya mgando kwenye kipaji cha uso, masikio na shingo, bila kugusa nywele zenyewe. Gawa kichwa mafungu manne, yabane, na uanze na mahali penye mvi nyingi na kaidi, ambapo kwa watu wengi ni panja na mstari wa mbele. Hapo patakuwa na muda mrefu zaidi wa kunywa rangi. Chukua tabaka jembamba la nywele lisilozidi unene wa kidole, lipake kuanzia shina hadi ncha, kisha ulikamue na kulisugua kati ya vidole vyenye glavu mpaka rangi itoe kama povu dogo. Nywele zilizojaa rangi huwa nzito na huteleza. Zinazosikika kavu chini ya vidole bado hazijapata. Nenda tabaka kwa tabaka bila haraka. Kisogo kikimalizika, rudi mbele ukaangalie tena panja, kwa sababu mvi fupi za pale hupenda kusimama na kujitoa ndani ya rangi.

Anayetaka rangi mbili, kwa mfano zambarau shinani na waridi nchani, achague rangi jirani zisizogombana zinapokutana. Machungwa na bluu zikichanganyika huzaa rangi ya matope. Mara ya kwanza usiizimue rangi kwa kondishena ili kuipunguza makali, kwa kuwa mvi zitaipunguza zenyewe.

Funika kwa kofia ya plastiki, kisha ulete joto. Kwenye stimingi au kikaushio cha kofia dakika 30 zinatosha, halafu uache nywele zipoe zikiwa bado zimefunikwa kwa dakika nyingine 30. Umeme ukikatika, taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa vizuri, likazungushwa juu ya kofia na kubadilishwa linapopoa, hufanya kazi ile ile. Hata kuketi juani uani kwa nusu saa husaidia. Fuata maelezo ya chupa kuhusu muda, lakini ujue kwamba rangi isiyo na peroksaidi haiunguzi nywele kwa kukaa, na mvi kaidi hunufaika na saa moja na zaidi. Jambo hili halihusu rangi za kudumu. Hizo zikizidisha dakika zilizoandikwa, au zikitiwa joto ambalo halikuagizwa, huharibu.

Usipake nyusi wala kope kwa rangi yoyote iliyotajwa hapa.

Kusuuza, na habari ya maji ya Ziwa

Maji ya bomba ya mjini Kigoma hutoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili yana hali ya magadi. Katika kipimo cha pH, kinachopima uchachu na magadi na ambacho 7 ni katikati, maji haya hukaribia 9, wakati ngozi ya kichwa yenye afya huwa karibu na 5.5. Tofauti hiyo ndiyo inayoinua magamba na kuyaacha wazi, na rangi iliyokwisha ingia hupata mlango wa kutokea kila unapooga. Watu hulaumu chupa, wakanunua aina nyingine, wakakutana na hali ile ile. Kuyachemsha maji hakusaidii katika hili.

Suluhisho ni la gharama ndogo. Kuanzia Novemba hadi Aprili kinga maji ya mvua, ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati, na uyatumie kusuuzia kichwa. Kiangazi tumia maji ya bomba, lakini usuuzio wa mwisho uwe wa maji ya baridi yaliyotiwa siki nyeupe, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja. Mimina polepole kichwa kizima huku umefumba macho, acha dakika mbili, kisha suuza kidogo kwa maji ya baridi. Siki huyarudisha magamba yakalala. Juisi ya ndimu iliyochujwa hufanya kazi inayofanana, ila isuuzwe vizuri, kwa sababu ndimu iliyobaki kwenye nywele ikikutana na jua hufifisha rangi.

Ukishapaka, usitumie shampuu kabisa siku hiyo. Suuza kwa maji ya baridi mpaka yanayotoka yawe mepesi. Hayatakuwa meupe kabisa, na si lazima yawe. Ndipo ufanye usuuzio wa siki, upake kondishena, na kukausha kwa taulo kuukuu la rangi iliyokolea. Rangi iliyoshika masikioni au shingoni ifute kwa pamba yenye mafuta ya kula, kisha sabuni kidogo. Dawa ya kufulia nguo nyeupe isiguse ngozi.

Kuitunza isififie

Rangi ya moja kwa moja juu ya mvi ambazo hazikuchubuliwa haikai sana kama juu ya nywele zilizochubuliwa. Tegemea wiki tatu hadi sita za rangi nzuri, kutegemea unavyoosha. Osha mara moja kwa wiki au kwa siku kumi, kwa maji ya baridi na shampuu isiyo kali, na kila baada ya kuosha rudia usuuzio wa siki. Weka akiba ya rangi yako, uchanganye kijiko kimoja na vijiko vitatu vya kondishena, na uipake kwa dakika 20 kila wiki ya pili. Kichwa kitaonekana kimepakwa jana.

Jua la adhuhuri ufukweni hufifisha upesi kuliko kuosha, kwa hiyo kilemba au mtandio ni lazima kwa anayeshinda nje. Kuogelea ziwani ni kulowesha kichwa katika yale maji niliyoyaeleza. Ukitaka kuogelea, lowesha nywele kwanza kwa maji ya mvua, paka kondishena, ufunge. Jasho nalo hushusha rangi shingoni kwa siku tatu nne za mwanzo, kwa hiyo kanzu nyeupe, mtandio mweupe na foronya nyeupe zikae kabatini. Mafuta ya mise unaweza kuyarudia baada ya siku ya tatu, kidogo tu na kwenye ncha.

Mashina meupe yakijitokeza, paka mashina peke yake kwa rangi isiyozimuliwa, na ncha uziburudishe kwa ule mchanganyiko wa kondishena dakika za mwisho.

Hina, kwa anayetaka isiyofifia

Kwa mtu anayependa machungwa au shaba inayowaka, hina halisi ya majani yaliyosagwa ni rangi ya kale na bado haijapata mshindani. Kupaka hina ndevu na nywele ni desturi inayofahamika vyema kwa Waislamu, na kwenye mvi hutoa rangi ya moto ambayo kwenye nywele nyeusi haionekani. Changanya unga na maji ya uvuguvugu na ndimu kidogo mpaka iwe kama uji mzito, funika mpaka uone uso wake umegeuka kahawia, paka kwenye nywele safi, funga kwa saa mbili hadi nne, suuza bila shampuu. Rangi huanza machungwa makali na kuiva kwa siku mbili au tatu.

Hina haiondoki; hukatwa. Feruzi juu yake haitatokea. Hina nyeusi si hina tupu, kwa hiyo maonyo ya piko yanaihusu, na pakiti isiyotaja viambato usiinunue, kwa kuwa baadhi huwa na chumvi za metali ambazo zikikutana baadaye na peroksaidi huziunguza nywele.

Nywele zenye dawa, dredi na ndevu

Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha hupokea rangi upesi, kwa kuwa magamba yake yamekwisha funguliwa. Weka dawa kwanza, subiri wiki mbili, ndipo upake rangi kwa muda mfupi zaidi. Ukifanya kinyume, dawa itaiondoa rangi yote. Mwenye dredi atumie chupa zaidi na asuuze kwa muda mrefu sana, kwa sababu rangi iliyojificha katikati ya dredi itatoka na jasho kwa wiki nzima. Ndevu zenye mvi zina ngozi laini chini yake, hivyo jaribio la ngozi lifanyike chini ya taya, na muda uwe nusu saa bila joto.

Ukichoka na rangi, osha mara kadhaa kwa shampuu ya kuondoa mba na maji ya moto kiasi, na uache kondishena ya rangi. Subiri ya zamani ififie vya kutosha kabla ya kuhamia rangi iliyo kinyume chake. Kutoka waridi kwenda zambarau unaweza leo leo, kutoka kijani kwenda waridi hapana. Rangi iliyobaki ndani ya bakuli na kuguswa na brashi itupwe, isirudishwe kwenye chupa. Ile iliyobaki ndani ya chupa isiyoguswa ifungwe vizuri na kuwekwa kabatini mbali na jua, ikiwa imeandikwa tarehe uliyoifungua.